Boksi Lisilo na Utepe

Haya, sogezeni viti. Wiki nzima mmenisumbua kwa barua mkitaka kujua Wiebke aliona nini ndani ya lile boksi. Mmoja wenu kaniita katili. Sawa, nimekubali, lakini leo sitaki lawama, maana hata mimi nimeandika huku nikijifuta macho.

Tulimwacha amepiga magoti kwenye sakafu tupu ya nyumba yake mpya, boksi la ndizi mbele yake, mfuniko umenyanyuka nusu. Ameona kitu kinang'aa. Na ndani ya boksi lile hakikutakiwa kuwamo kitu cha kung'aa hata kimoja.

Akaung'oa mfuniko wote.

Sufuria! Sufuria ya kuyeyushia jibini, pamoja na uma zake ndefu. Chini yake, mafumbo ya picha za vipande vipande. Chini kabisa, viatu vya kuteleza kwenye barafu, vya mtoto ambaye bila shaka sasa hivi anaota mvi.

"Torben!" Sauti ilimtoka kama amemwagikiwa maji ya moto. "Torben, njoo hapa!"

Mdogo wake akatokea jikoni, mkate umejaa mdomoni.

"Hili si boksi langu."

"Dada, maboksi yote ni ya ndizi. Si tuliyaomba pamoja pale dukani? Mji mzima wa Bremen unahamia ndani ya maboksi ya ndizi."

"Nimekwambia si langu! La Enno liko wapi?"

Torben akaacha kutafuna.

Wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikiliza upesi, wenzako wanangoja. Enno alikuwa mume wa Wiebke. Asubuhi moja ya mwezi wa pili alianguka kwenye karakana yake ya baiskeli, spana mkononi, na hakuamka tena. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja, ndiyo maana Wiebke amehama. Alichobaki nacho cha mumewe, cha kukishika na kukikumbatia, ni sweta.

Sweta la sufu, la kijivu, limetoboka kiwiko cha kulia. Enno alilivaa kiangazi na baridi, mpaka siku ile. Wiebke hakulifua. Alilitia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kwa sababu ndani ya zile nyuzi Enno alikuwa bado yupo: grisi ya minyororo, pipi za mnanaa, na jasho lake. Kila Jumapili alifungua zipu kidogo, akaingiza pua, akavuta mara moja, akafunga haraka. Aliogopa kummaliza.

Na leo ilikuwa Jumapili.

"Kila boksi lilikuwa na utepe," Wiebke alisema. "Buluu jikoni, nyekundu chumbani, kijani vitabu."

"Dada, hata ufagio uliutia utepe. Tumecheka wote."

"La Enno sikulitia."

"Kwa nini?"

Wiebke akaugeuzia uso ukuta. Mimi nitawajibia. Angelitia utepe wa rangi gani? Angeandika nini juu yake, na marafiki waliopanga mstari kwenye ngazi, wanapokezana maboksi mkono kwa mkono, wangemuuliza nini? Aliona haya. Akalibeba mwenyewe mpaka nje, akajiambia atalipakia kwa mkono wake, akae nalo miguuni njia nzima. Mara wakamwita juu, kabati limegoma kupita mlangoni. Akalitua chini kidogo tu.

"Ulilitua wapi?" Torben akauliza.

"Ukutani. Chini ya dirisha la Bi Tietjen."

Torben akajibwaga juu ya kiti ambacho bado kilikuwa kimefungwa blanketi.

"Dada," akasema polepole, "Bi Tietjen naye alikuwa ametoa vitu vyake nje."

Mnajua mambo ya mitaa yetu. Usichokitaka hukitupi. Unakitoa nje, unabandika kikaratasi cha "Chukua bure," na kabla ya chakula cha jioni kimepata mwenyewe. Bi Tietjen wa chini alikuwa amefanya hivyo hivyo. Na vitu vyake alivitia ndani ya nini? Ndani ya boksi la ndizi, msomaji wangu.

"Umenipakilia makorokoro ya Bi Tietjen," Wiebke alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo kuliko kawaida, "ukamwacha mume wangu barabarani."

"Dada..."

"Chukua baiskeli. Twende!"

Walivuka daraja kurudi mtaa wa zamani kama wanafukuzwa. Upepo wa mto ulimpiga Wiebke usoni, wala hakuusikia. Moyoni alikuwa na neno moja tu analolirudia: asilifungue. Yeyote aliyelichukua, asiufungue ule mfuko.

Ukuta ulikuwa mtupu. Hapakuwa na boksi, wala kikaratasi, wala hata kipande cha kamba.

Lakini dirisha la chini lilikuwa wazi, na Bi Tietjen alikuwa pale pale alipo kila siku ya Mungu, viwiko juu ya mto wake wa maua, kidevu juu ya ngumi, anausimamia mtaa.

"Loo, binti yangu!" akashangilia. "Jana umehama, leo umeshanikumbuka? Hebu niambie, ulimwona aliyechukua sufuria yangu ya jibini? Niliingia ndani kutengeneza chai, nikatoka haipo. Nilitaka nimwone uso."

"Ninayo mimi."

"Wewe! Si ungegonga tu ukaniomba, mama?"

"Bi Tietjen, nakusihi. Kulikuwa na boksi jingine pembeni. Nani kalichukua?"

Mama yule akamtazama Wiebke, kisha akamtazama Torben, kisha akatabasamu tabasamu la mtu mwenye habari tamu.

"Unaniuliza mimi? Muulize huyo mdogo wako. Si ndiye aliyemfungia kamba?"

Wiebke akageuka taratibu. Torben alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nilitaka kukwambia njiani," akaanza.

"Niambie sasa."

"Alikuwa mama mtu mzima, dada. Ana kikapu cha magurudumu, anahangaika na boksi peke yake. Nilidhani ni la Bi Tietjen. Nikamwonea huruma. Nikamwinulia, nikalifunga kamba vizuri lisianguke." Akameza mate. "Hata akanishukuru."

"Ukamfungia kamba!"

"Dada, nisamehe."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza, 'Hawa wa ghorofa ya pili wanahama?' Nikamwambia ndiyo. Akauliza, 'Wanakwenda mbali?' Nikamwambia hapana, ng'ambo ya mto tu. Basi." Torben akakuna shingo. "Alikuwa anatokwa na machozi. Nikadhani ni upepo."

"Mtu analia mbele yako, wewe unadhani ni upepo!"

Yashikeni maneno hayo ya Torben, wasomaji. Yanaonekana madogo, lakini yatamrudia dada yake kabla hatujaagana leo.

"Na wala si mgeni yule," Bi Tietjen akadakia kutoka juu ya mto wake. "Miaka sasa anakuja. Anasimama pale, karibu na duka la maua. Hanunui ua hata moja. Anatazama juu tu."

"Juu wapi?"

"Kwenu. Madirisha yenu."

Wiebke akayatazama madirisha yale. "Miaka? Na hukuniambia?"

"Nilimwambia mumeo."

"Enno?"

"Enno. Nilimwambia, wewe kijana, kuna mama anawatazama kule. Akaniambia, 'Mwache asimame, Bi Tietjen.' Akapanda juu. Na nikasikia anafunga dirisha."

Miaka yote ile ya ndoa! Kitanda kimoja, meza moja, na mumewe hakufungua mdomo. Mwanamke gani huyo? Ana nini na Enno, na anataka nini na sweta lake?

"Anakaa wapi?"

"Kukaa sijui, hasemi na mtu. Lakini ana bustani kulekule kwetu, zile bustani za kukodi nyuma ya reli. Kibanda cha mlango wa kijani. Utakijua tu, kamba yake haikosi nguo hata Jumapili, watu wamepumzika. Yule mama anafua mpaka mifuko ya plastiki. Anaibana kwenye kamba kama soksi! Mwanamke gani..."

Wiebke hakungoja amalize.

Getini kwenye bustani, baiskeli haziruhusiwi ndani. Kuna bango, na kuna mzee wa kamati ya bustani ambaye hukaa karibu na bango.

"Tangulia," Torben alisema huku akipekua mifuko kutafuta ufunguo. "Nafunga baiskeli, nakuja."

Wiebke alitembea peke yake kwenye kinjia cha kokoto. Kulia na kushoto, Jumapili ya watu wengine: harufu ya kahawa, redio ikiimba chini chini, mtoto anamwagia miguu yake maji badala ya maua. Yeye alikuwa akiangalia milango. Nyeupe. Kahawia. Nyeupe tena.

Kijani.

Alichokiona kwanza ni mfuko. Mfuko wa plastiki wenye zipu, umegeuzwa ndani nje, umebanwa kwa vibanio viwili kwenye kamba. Ulikuwa unameremeta kwa usafi.

"Hapana," Wiebke alisema. Alimwambia nani, sijui. "Hapana, hapana, hapana."

Akasukuma geti dogo la bustani, akaingia bila hodi.

Sweta lilikuwa juu ya meza ya mbao, limetandazwa juu ya taulo nyeupe, mikono imenyooshwa huku na huku. Kijivu chake kilikuwa kimefunguka, kimekuwa cheupe kidogo, kama siku ya kwanza. Na kiwiko cha kulia hakikuwa na tundu tena.

Akaliinua. Lilikuwa na unyevu. Akazamisha uso ndani yake, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote.

Lavenda.

Akaligeuza, akatafuta kwapani. Lavenda. Akatafuta shingoni, pale ambapo kidevu cha Enno kilikuwa kikikwaruza. Lavenda na sabuni. Akavuta, akavuta, mpaka kichwa kikazunguka. Hakukuwa na grisi. Hakukuwa na mnanaa. Enno alikuwa ameondoka mara ya pili, na safari hii hata harufu yake hakumwachia.

Akakaa kwenye majani, akalia kwa sauti. Sijui kama umewahi kusikia mtu mzima akilia hivyo. Mwezi wa pili, kaburini, hakulia hivi, kwa sababu alijua akirudi nyumbani kuna mfuko.

"Liache hilo!"

Kwenye mlango wa kijani alisimama mama mfupi, mwembamba, mvi amezifunga nyuma, birika la kahawa mkononi.

"Liache, utalivuta! Sufu ikiwa mbichi haishikwi hivyo."

"Ni langu!" Wiebke alipiga kelele. "Ni langu, ni la mume wangu, wewe umelichukua, wewe ume... ume..." Neno "umelifua" halikumtoka.

"Si la dukani hilo useme ni lako. Limefumwa na mikono hii."

"Mwongo! Enno alilinunua kisiwani, Norderney. Aliniambia mwenyewe."

"Alikwambia hivyo?" Mama yule akatua birika kwenye kizingiti cha dirisha, polepole sana. "Hebu fungua pindo la chini. Ndani, upande wa kushoto."

Wiebke hakutaka. Vidole vyake vikafungua vyenyewe. Palikuwa na mishono midogo ya uzi mwekundu. Alikuwa ameiona mara nyingi, akadhani ni alama ya duka.

"Alikuwa anapoteza kila kitu, mtoto yule," mama yule akasema. "Kofia, glovu, skafu. Anatoka navyo asubuhi, anarudi mikono mitupu. Nikawa natia uzi mwekundu kwenye kila nguo yake, nikamwambia, ukiona uzi huu ujue ni chako, kiokote."

Upepo ukautikisa ule mfuko kwenye kamba.

"Wewe ni nani?" Wiebke akauliza, ingawa sasa alikuwa ameyaona macho. Yalikuwa yamekaa mbali mbali, moja limelegea kidogo. Alikuwa amelala karibu na macho kama hayo maisha yake yote ya ukubwani.

"Naitwa Almuth. Mimi ni mama yake."

"Mama yake Enno alikufa. Enno akiwa mdogo."

"Nani kasema?"

"Enno."

Mama yule alitazama mikono yake, akaifuta kwenye aproni ijapokuwa ilikuwa mikavu.

"Haya," akasema. "Kama ndivyo alivyosema, basi ndivyo. Simlaumu. Aliniona nikifunga sanduku, akiwa na miaka tisa. Nilimfuata mwanaume. Nikamwambia nitarudi kukuchukua, tulia. Niliporudi, baba yake akanifungia mlango. Alipokuwa mtu mzima nikarudi tena, akanifungia yeye."

"Hakuniambia kitu."

"Angekwambia nini, mwanangu? Mtu aliyekufa hasimuliwi habari zake mpya."

Wiebke alitaka kumchukia. Alijaribu, mwanamke wa watu. Alikuwa na haki, sivyo? Lakini chuki haikuja, ilikuja huruma, na huruma ile ilimuuma zaidi.

Almuth akasogea, akalichukua sweta mikononi mwake kwa upole, akalitandaza upya juu ya taulo, akalinyoosha mabega.

"Nililifuma majira ya baridi mazima, nikalituma kwa posta. Sikuandika jina. Sikuthubutu. Nikatia uzi tu, nikasema moyoni, akilirudisha, basi. Akilitupa, basi. Halikurudi. Lakini sikujua kama amelivaa. Nilikuwa nakuja kusimama pale mtaani kwenu, ila macho yenyewe haya, namwona mtu anapita, sioni kavaa nini." Akavuta pumzi. "Jana ndiyo nikainua mfuniko wa boksi, nikalikuta, pembeni ya kikaratasi cha chukua bure. Unajua nilijisikiaje? Nikasema, kumbe. Anahama, na mimi ananiacha barabarani."

"Hapana!" Wiebke akanyanyuka. "Halikutupwa, mama. Naapa. Nililitua tu pale, ni makosa, watu wakachanganya maboksi..."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua nilipofika hapa nikalitoa kwenye mfuko." Na hapo, wasomaji wangu, uso wa mama yule ulifunguka, mikunjo yote ikacheka. "Kiwiko kimetoboka! Mtu hatoboi kiwiko cha sweta asilolivaa. Nilikaa pale kizingitini nikakitia kidole kile kitundu kama mwendawazimu. Niambie kweli, alikuwa analivaa?"

"Kila siku."

"Usinifurahishe bure."

"Kila siku, mama. Nilimnunulia jingine zuri, akampa msaidizi wake. Hili nililificha mara moja nikitaka nilitupe, akapekua nyumba nzima mpaka akalipata."

Almuth akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Machozi yakamtiririka juu ya vidole. Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, mabega yanaruka kama ya msichana.

"Kila siku! Na mimi najiona nimesahauliwa. Kila siku!"

Wiebke alimtazama, na ndipo alipojua kitu ambacho mimi nimekuwa nikikiogopa tangu nilipoanza kuandika sehemu hii. Katika dunia hii yote palikuwa na mtu mmoja mwingine tu ambaye angeithamini harufu ile. Ilimfikia mikononi, nzima, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Mwanawe mwenyewe, baada ya miaka yote. Akaitia sabuni.

"Ndiyo nikaona nilifue," Almuth alikuwa akiendelea, anajifuta macho kwa aproni. "Jamani, lilikuwa linanuka! Grisi, jasho, karakana tupu. Baba yake alikuwa vile vile. Nililitia sabuni mara mbili, nikalisuuza kwa maji ya maua ya lavenda, nikaziba na tundu la kiwiko. Nikasema akija kulitafuta alikute safi. Asije akasema mama yake hata kufua hajui."

Akija kulitafuta.

Maneno ya Torben yakamrudia yote kwa pamoja. Wanahama? Ndiyo. Wanakwenda mbali? Hapana, ng'ambo ya mto tu. Mtu gani angefikiri kuongeza kwamba mmoja wao alikuwa ameshahama peke yake mwezi wa pili?

"Nilijua mtakuja," Almuth alisema. "Nilijiambia, kama kweli analipenda, atauliza, na Bi Tietjen mdomo haumkai, atawaelekeza. Sikulala. Nimeoka keki ya matufaha, alikuwa akiipenda. Bado anaipenda?"

"Ndiyo," Wiebke akasema. Lilimponyoka. Angefanyaje? "Ndiyo, mama."

"Njoo, kaa. Usilie tena, sweta si limepatikana?"

Akaenda kwenye meza ndogo iliyokuwa kivulini. Kitambaa cha meza kilikuwa kimepigwa pasi. Juu yake palikuwa na keki, na maziwa, na vikombe vitatu.

Wiebke alivitazama vile vikombe vitatu.

Mwambie, alijisemea. Mwambie sasa, kwa upole, mshike mikono. Lakini mtu anaanzaje? Mama huyu alikuwa amengoja maisha mazima, na furaha yake ilikuwa haijamaliza hata kikombe kimoja cha kahawa. Na yeye, Wiebke, aliyekuja mbio kudai alichonyang'anywa, ndiye sasa aliyebeba cha kumnyang'anya mwenzake.

"Mama Almuth..."

"Mbona umekuja peke yako?" Almuth alikuwa akitazama juu ya bega lake, kuelekea kinjiani. "Au yuko getini anafunga baiskeli? Eti? Mzee wa kamati haruhusu kuingia nazo, mimi mwenyewe amenigombeza. Anaona haya kuingia? Mwambie asione haya. Mwambie sina neno naye."

"Mama, nisikilize kwanza."

"Shh!"

Kokoto zilikuwa zinalia. Hatua za mwanaume, nzito, za haraka, zinakuja kinjiani nyuma ya ua wa majani.

Rangi ilimpanda Almuth mashavuni. Akavua aproni, akaitupa kitini. Akapitisha viganja kwenye nywele.

"Ndiye huyo," akanong'ona. "Msikilize. Ana mwendo wa baba yake."

"Mama, siye. Mama!"

Lakini nani anasikia wakati kama ule? Mama yule alikuwa ameshalichukua sweta kutoka mezani. Alilishika kwa mabega yake mawili, ameliinua mbele ya kifua, kama unavyompimia mtoto nguo kabla ya kumvalisha, na alikuwa anatembea kuelekea getini, anatabasamu.

Hatua zikasimama upande wa pili.

"Mama," Wiebke alilia, mkono wake umenyooshwa, "Enno amefariki..."

Na komeo la geti likanyanyuka.